'Rafiki' ilikuwa na leseni, video za Mackenzie hazikuwa nayo

Kama una simu yenye kamera nzuri, unaishi Malindi, Watamu au Mtwapa, na kila wikendi unarekodi vichekesho na washikaji wako kisha unavipandisha YouTube, kuna jambo huenda hujaambiwa. Mbele ya sheria ya Kenya, wewe unaweza kuhesabiwa mtengenezaji wa filamu.

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222. Ilitungwa 1962, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea. Kwa ufupi inasema hivi: filamu ya kuonyeshwa umma hairekodiwi bila leseni, na haionyeshwi kabla haijatazamwa na kupewa daraja. Kazi ya kutazama na kupanga madaraja ni ya Bodi ya Uainishaji Filamu Kenya, ile tunayoijua kama KFCB.

Utauliza: kwani mimi na klipu yangu ya dakika tatu nimeingiaje hapo? Swali zuri. Mei 2018 bodi hiyo iliwakumbusha Wakenya kuwa hata video za kupandishwa kwenye mitandao ya kijamii zinahitaji leseni, na mitandao ikawaka moto siku hiyo. Wengi waliona ni mzaha. Haukuwa mzaha, na ukitaka kujua sheria hii inaweza kufanya nini mikononi mwa mtu mwenye nguvu, tazama kilichotokea wiki chache kabla ya tangazo hilo.

Aprili 2018, mwongozaji filamu Wanuri Kahiu alikuwa amepata habari ambayo hakuna Mkenya aliyewahi kuipata. Filamu yake 'Rafiki' ilichaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, ya kwanza kabisa kutoka Kenya. Ni hadithi ya wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, ambao baba zao wanapigania kiti kimoja cha siasa mtaani. Wasichana hao wanapendana. Chimbuko lake ni hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Samantha Mugatsia na Sheila Munyiva ndio waigizaji wakuu, na kama hujawahi kuiona, jua tu kwamba ni filamu ya rangi nyingi, bodaboda, kibanda cha soda, mama mbea wa mtaa na kanisa la Jumapili. Ukiitazama dakika kumi unaijua hiyo mitaa.

Upande wa pili alisimama Dkt Ezekiel Mutua, afisa mkuu mtendaji wa KFCB tangu 2015. Wewe uliyekua miaka hiyo unamkumbuka. Ndiye aliyepewa jina la utani la naibu wa Yesu. Mwaka 2016 bodi yake iliifanya Coca-Cola itoe busu kwenye tangazo la runinga. Mwaka 2017 ilipiga marufuku katuni kadhaa za watoto. Mwaka huohuo, picha za simba wawili madume wa Maasai Mara ziliposambaa, alisema simba hao watengwe wachunguzwe. Simba! Na 2019, 'Tetema' ya Rayvanny na Diamond na 'Wamlambez' ya Sailors zikaambiwa zibaki vilabuni na kwenye baa tu, wakati ambapo hapa Pwani hapakuwa na arusi, matatu wala tuktuk isiyozipiga.

Ni rahisi kumcheka, na wengi tulimcheka. Lakini usisahau kuwa alikuwa na muhuri wa serikali, na muhuri haucheki.

Kuna kitu kwenye kisa cha 'Rafiki' ambacho watu hukisahau. Filamu hiyo ilikuwa na leseni. Kahiu hakujificha kichakani kurekodi. Alifuata utaratibu, alipeleka maandishi ya filamu, akapewa ruhusa na bodi hiyohiyo. Si hayo tu. Kabla ya marufuku, Mutua mwenyewe aliisifu filamu hiyo hadharani akisema inazungumzia uhalisia wa zama zetu. Kisha mambo yakageuka. Kahiu amesimulia kuwa bodi ilitaka abadilishe mwisho wa filamu, kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Yaani wasichana wale wangeadhibiwa, au wangejuta, pengine pasingekuwa na neno. Alikataa. Tarehe 27 Aprili 2018 bodi ikatangaza marufuku, ikisema filamu inaendeleza usagaji kinyume cha sheria, na kwamba kilichorekodiwa si kile kilichoidhinishwa kwenye maandishi. Ikaongeza onyo: atakayepatikana nayo amevunja sheria.

Hilo onyo la mwisho lisome tena. Halikuwahusu wenye sinema pekee. Lilikuhusu wewe na flashi yako.

Basi ikawa hivi: Mei, watu wa Cannes wakaiona filamu ya Kenya na kuipigia makofi, na Mkenya wa Kilifi akawa haruhusiwi kuiona. Septemba mwaka huo Kahiu akaenda Mahakama Kuu. Tarehe 21 Septemba Jaji Wilfrida Okwany akasimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima wanaotaka waione, ili filamu ipate nafasi ya kuwania kupeperusha bendera ya Kenya kwenye Oscars. Jaji huyo alisema haamini Kenya ni jamii dhaifu kiasi kwamba misingi ya maadili yake itatikiswa kwa kutazama tu filamu ya namna hiyo.

Unajua kilichofuata? Foleni. Tiketi za ukumbi wa Prestige, Ngong Road, ziliisha, maonyesho yakaongezwa. Filamu ambayo pengine ingetazamwa na wapenzi wachache wa sinema ikawa ndiyo gumzo la nchi. Mutua alilalamika kuwa hilo ni tusi kwa Wakenya wanaotetea maadili, lakini ukweli ni kwamba hakuna mtangazaji wa biashara aliyeifanyia 'Rafiki' kazi kubwa kuliko yeye. Baada ya siku saba pazia likashuka. Oscars zenyewe, Kenya ilipeleka 'Supa Modo' ya Likarion Wainaina. Aprili 2020 jaji mwingine wa Mahakama Kuu, James Makau, akakubaliana na bodi kwamba marufuku ilikuwa halali, na Kahiu akakata rufaa.

Kwa kijana wa Malindi, hizo siku saba zilimfaa nini? Basi la usiku kucha, nauli ya kwenda na kurudi, na pa kulala Nairobi. Wengi tuliishia kusoma kuhusu filamu bila kuiona. Na hapo ndipo marufuku hufanya kazi yake kimyakimya. Mwenye pesa huipata tu, akisafiri au akiitafuta kwa njia za mtandaoni. Anayezuiwa hasa ni yule aliye mbali na asiye na kitu.

Sasa turudi nyumbani.

Wakati bodi inakesha na 'Rafiki', hapa Malindi kulikuwa na mtu mwingine anayetengeneza video. Paul Nthenge Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi, alianzisha kanisa la Good News International mwaka 2003. Alikuwa na studio yake, na mahubiri yake yakaenda kwenye runinga na YouTube. Aliwaambia watu waachane na shule na hospitali, na kwamba mwisho wa dunia uko mlangoni. Mwaka 2017 alikamatwa na kushtakiwa. Mwaka 2019 akashtakiwa tena mjini Malindi, na miongoni mwa mashtaka yakawamo haya: kuendesha studio na kutengeneza filamu bila leseni halali, na kuonyesha filamu za huduma yake ambazo hazikuwa zimepitia KFCB.

Ndiyo, Sura ya 222 ileile.

Kesi ya 'Rafiki', kutoka sifa za redioni hadi marufuku, ilichukua wiki. Kesi ya video za Mackenzie ilichukua miaka. Aliachiwa kwa dhamana, akalifunga kanisa la mjini, akahamia msitu wa Shakahola pamoja na wafuasi waliouza mali zao kumfuata. Aprili 2023 makaburi yakaanza kufukuliwa. Miili iliyotolewa ilipita 400, na watoto walikuwa wengi humo. Ukizaliwa Kilifi kaunti huhitaji kusimuliwa zaidi. Unajua mochari ya Malindi ilivyojaa hadi yakaletwa makontena ya barafu, na unajua familia zilizosubiri matokeo ya DNA miezi na miezi.

Novemba 2023, miezi saba baada ya miili ya kwanza, ndipo hakimu wa Malindi alipompata Mackenzie na hatia katika ile kesi ya filamu. Mashtaka ya uchochezi ndani ya kesi hiyo hayakuthibitishwa, kwa hiyo akaondolewa hatia. Tarehe 1 Desemba akahukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa sababu ya filamu. Kesi kubwa za mauaji, ugaidi na ukatili kwa watoto zilifunguliwa kivyake mwaka 2024, naye akakana mashtaka.

Tusichanganye mambo. Sisemi kwamba leseni ya filamu ingewaokoa watu wa Shakahola. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana, seneta wa Tana River, iliangalia suala hili na kusema mfumo wa haki ulishindwa kumzuia ingawa alikuwa ameshafikishwa mahakamani zamani. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, nayo iliwalaumu maafisa wa usalama wa Malindi kwa uzembe. Kulikuwa na polisi, machifu, waendesha mashtaka, na ripoti za watu waliopiga kelele mapema. Filamu ni kipande kimoja tu.

Lakini kipande hicho kinaonyesha kitu. Angalia kosa alilopatikana nalo. Hakupatikana na hatia kwa yale aliyowaambia watu kwenye video zile. Alipatikana na hatia ya kukosa karatasi. Na Kahiu aliyekuwa na karatasi, filamu yake ilizimwa kwa sababu ya kile ilichosema, tena sehemu iliyokera zaidi ikiwa ni mwisho wenye furaha. Sheria hii haikuandikwa ili ipime hatari. Mkoloni aliiandika ili ajue nani anashika kamera, na kila aliyekalia kiti baada yake ameitumia kuangalia kile kinachomkera yeye. Siku Mutua alipokerwa na busu, sheria iliruka kama swara. Mahubiri ya kuwaambia wazazi wasiwapeleke watoto hospitali yalipokuwa hewani, sheria ilitambaa.

Najua kuna msomaji ameshaanza kununa. Pwani yetu ni ya dini. Mashehe na wachungaji, ambao hawakubaliani kwa mengi, kuhusu 'Rafiki' walikuwa upande mmoja, na mama zetu wengi wangempigia Mutua makofi. Sheria ya adhabu ya Kenya bado inaharamisha mapenzi ya jinsia moja, na Mahakama Kuu ilikataa kuiondoa mwezi Mei 2019. Huna haja ya kuipenda filamu hiyo. Una haki ya kuona ni upuuzi, uifunge dakika ya tano na uende zako ufuoni Bofa. Ila hebu jiulize, kama una miaka 22, una kitambulisho, unapiga kura, unalipa mkopo wa HELB, ni nani aliyefaa kuamua uitazame au usiitazame? Madaraja yapo kwa ajili hiyohiyo. Kuna daraja la 18. Bodi ingeweza kuipa 'Rafiki' daraja hilo ikaenda kulala.

Na usidhani jambo hili liliondoka na Mutua. Yeye alitoka KFCB mwaka 2021, mwaka uliofuata akawa mkuu wa MCSK, chama cha hakimiliki za muziki. Mwezi mmoja baada ya kuondoka kwake, bodi ilipiga marufuku filamu nyingine, 'I Am Samuel', makala kuhusu maisha ya Mkenya shoga. Kiti ni kilekile hata aliyekikalia akibadilika.

Siku hizi pia mbinu zimebadilika. Aprili 2025 BBC Africa Eye ilitoa 'Blood Parliament', makala iliyochambua picha za siku ile ya Juni 25, 2024, vijana walipouawa nje ya Bunge. Ilikuwa ionyeshwe ukumbini Nairobi. Onyesho likafutwa, na BBC ikasema mamlaka zilishinikiza. Hapakuwa na tangazo la marufuku, hapakuwa na barua yenye muhuri ya kupeleka kortini. Halafu tarehe 2 Mei polisi wakawakamata watengenezaji filamu wanne jijini Nairobi na kuchukua kompyuta na simu zao. BBC ilisema hao wanne hawakushiriki kutengeneza makala hiyo. Waliachiliwa kesho yake, vifaa vikabaki. Baadaye wachunguzi wa Citizen Lab walisema baadhi ya simu zilizokuwa mikononi mwa polisi zilikutwa zimewekewa programu ya ujasusi.

Na makala yenyewe? Ilikuwa YouTube muda wote. Mamilioni walikuwa wameshaitazama, wengine, kama tulivyofanya 2018, kwa sababu tu walisikia kuna watu hawataki itazamwe.

Kati ya njia hizi mbili, mimi naogopa zaidi hii ya pili. Mutua angalau alikuja kwa jina lake. Alitia saini, akatweet, akajibizana, akashtakiwa. Kahiu alijua amshtaki nani, na siku saba alizipata. Mtu anayempigia simu mwenye ukumbi na kumwambia "hilo onyesho liache" humjui, hana tarehe, hana kifungu cha sheria, na jaji hana cha kusimamisha.

Hili linakuhusu wewe wa Malindi kuliko unavyodhani. Wewe ndiye unayerekodi video ya ardhi ya ukoo iliyozungushiwa ua usiku, au ya mchanga unaochimbwa, au ya chumvi inayoharibu visima kule Gongoni na Marereni. Wewe ndiye unayeandika mchezo mfupi kwa Kigiriama kuhusu wazee wanaouawa kwa kuitwa wachawi. Siku video yako itakapomgusa mtu mzito, hatakuja akisema imemgusa. Atakuuliza: leseni iko wapi? Wakati huo utatamani ungekuwa unaijua hii Sura ya 222.

Basi vitu vichache vya kuweka mfukoni. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inataja kwa jina uhuru wa ubunifu wa sanaa. Haukingi uchochezi wa vita au wa chuki, lakini unakinga hadithi zinazokera. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi afisa wa serikali anapofanya uamuzi unaokuumiza. Kwa hiyo ukinyimwa leseni, au ukiambiwa onyesho lako kwenye ukumbi wa kijamii limefutwa, usibishane mlangoni. Omba barua. Kama ni kazi ya kuuza au kuonyesha hadharani, tafuta leseni mapema na uhifadhi nakala ya maandishi uliyopeleka, maana 'Rafiki' iliangushwa pia kwa hoja kwamba kilichorekodiwa kimetofautiana na karatasi. Weka nakala ya video mahali pawili, si kwenye simu pekee. Simu huchukuliwa.

Na ukipigiwa na mtu akakwambia tu, "Kijana, hiyo kitu itoe," mwamkie kwa adabu, muulize jina lake, cheo chake, na kifungu cha sheria anachotumia. Kisha andika saa aliyopiga.